Kebo Iliyoungua Nyumbani kwa Mzee Mwaipaja

Waya ukisahauliwa, kebo ndiyo iunguayo.

Mlipoisikia methali hii katika mkutano wa wakulima wa chai, mlicheka. Mama mmoja alisimama nyuma, akaitamka, akaketi. Mkutano mzima ukanyamaza isipokuwa ninyi. Baadaye mkaja kuuliza: waya gani, kebo gani, na tangu lini methali zikatoka uvunguni mwa gari? Swali ni halali, ingawa kicheko hakikuwa halali. Methali haichagui pa kuzaliwa. Wahenga walizaa zao shambani na porini kwa sababu huko ndiko walikotokwa na jasho. Hii ilizaliwa uani, chini ya pikapu kuukuu, kwa sababu huko ndiko mtu fulani alikotokwa na jasho, akakataa kuondoka. Sikilizeni basi chimbuko lake, na anayetaka kucheka angoje mwisho.

Katika milima ya Rungwe, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, aliishi mwalimu mkuu mstaafu aliyejulikana kwa jina la Mzee Mwaipaja. Alisoma shule ya bweni tangu utotoni, na ingawa yeye alitoka bwenini, bweni halikutoka ndani yake. Alitandika kitanda chake mwenyewe hadi uzeeni, kona za shuka zimekunjwa kama bahasha. Viatu vyake viling'aa hata wakati wa masika, na wenyeji wanajua kwamba masika ya Tukuyu hayaishi, hupumzika tu. Alikuwa mtu wa haki na mtu wa kanuni, na kati ya kanuni zake zote hakuna aliyoishika kwa nguvu kama ile aliyorithi kwa baba yake: kwamba mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawasemezani.

Nyumba nyingi wakati huo zilikuwa zimekwisha kuilegeza desturi hiyo. Nyumba ya Mzee Mwaipaja haikuilegeza hata uzi mmoja. Kila alipokaribia uani alikohoa mara mbili, na mkamwana wake aliacha chochote alichokishika, akajitenga nyuma ya jiko. Kama kulikuwa na neno la kusema, liliambiwa Mama Ndimbumi, mke wa Mzee, naye akalipeleka, hata kama mwenye kuambiwa alikuwa nyuma ya ukuta wa matete na amelisikia lote.

Mkamwana huyo aliitwa Sekela. Kabla ya kuolewa na Ambokile, mwana wa nyumba hiyo, alifanya kazi miaka minne katika karakana ya shamba la chai, akifungua na kufunga matrekta na malori mpaka wanaume waliomcheka wakawa wanamwita wanapokwama. Siku aliyoletwa kwa wakwe, vitenge vyake vilikuwa ndani ya sanduku dogo, na spana zake ndani ya gunia kubwa. Hakuliombea radhi lile gunia. Alitaka jambo moja tu maishani: banda la mbao lililosimama tupu mbele ya nyumba, kando ya barabara, liwe karakana yake, na watu wamwite fundi.

Kwa miaka miwili alilisema jambo hilo kwa Mama Ndimbumi, na kwa miaka miwili jibu lilirudi lile lile: banda halina kazi hiyo.

Mzee alikuwa na pikapu ya rangi ya maziwa ambayo majirani waliiita Profesa, kwa kuwa ilisimama njiani mara kwa mara kama mtu anayetafakari. Mwaka huo Profesa alipoteza gia ya tatu. Mwezi uliofuata akapoteza ya pili. Fundi Kajange wa pale stendi akaja, akaizunguka, akaipiga teke tairi, akasema, "Mwalimu, hii imekwisha. Niachie niivunjevunje, nipate vipuri." Mzee akakubali kwa shingo upande. Sekela, aliyekuwa nyuma ya jiko, alisikia neno hilo "niivunjevunje" kama vile limesemwa juu ya mwili wake.

"Mama," alimwambia Ndimbumi usiku wa siku hiyo hiyo, "mwambie baba mkwe kwamba kule shambani kuna pikapu ndugu yake na hii. Injini imekufa, lakini giaboksi yake ni nzima. Niipandikize."

Mama Ndimbumi akapeleka. Jibu lilichukua siku tatu, na lilipokuja lilikuwa na kwato za chuma.

"Anasema anakupa hadi Jumamosi," alisema mama, akilikariri kama somo. "Gari likipanda kilima cha kanisa, banda ni lako. Lisipopanda, Kajange atalichukua hiyo hiyo Jumamosi, na spana zitarudi kwenye gunia, asizisikie tena zikilia nyumbani kwake."

"Mwambie nimekubali."

"Mwanangu, tafakari kwanza."

"Mama, nimetafakari miaka miwili. Mpelekee."

Alhamisi walifanya kazi. Gari liliinuliwa juu ya magogo manne ya mkaratusi. Ambokile, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye mikono laini, alishika alichoambiwa ashike na kusukuma alichoambiwa asukume. Giaboksi ya zamani ikashuka, ile iliyoletwa kutoka shamba la chai ikapanda, Sekela akiwa chali matopeni, akiita spana kwa namba zake. Diski ya klachi aliiangalia mara mbili kabla ya kuifunga, kwa sababu alijua kwamba fundi akiigeuza diski, kazi ya siku nzima huwa kazi ya siku mbili. Saa saba mchana alikuwa amebakiza kidogo tu chini ya gari, pale viliposikika vikohozi viwili langoni.

Akatoka uvunguni kama panya aliyemwagiwa maji, akakimbilia nyuma ya jiko.

Mzee aliketi uani akanywa chai yake bila haraka. Aliporudi Sekela, Ambokile alikuwa amekwisha kuliteremsha gari kutoka juu ya magogo na kuzipanga spana kwa ukubwa, ili baba yake asilalamikie uchafu uani.

"Umefunga kila kitu?" aliuliza Sekela.

"Kila boliti niliyoiona."

Alikuwa amechoka. Aliliona gari limesimama kwa magurudumu yake manne, na macho yakamdanganya kwamba kisimamacho kimekamilika.

Ijumaa asubuhi aliingia ndani, akageuza ufunguo. Starta iliguna kama mgonjwa anayeamshwa. Akageuza tena, ikaguna. Mara ya tatu injini ikawaka, lakini alipokanyaga klachi, pedali ilikuwa nzito kama imekanyagwa na mtu mwingine kutokea chini. Akajaribu gia ya kwanza. Ililia kilio kilichowatoa kuku uani.

Kutoka barazani sauti ikaita, "Ndimbumi! Mwambie mkamwana hiyo si giaboksi. Ni kinu cha kusaga kokoto."

Sekela hakungoja apelekewe. "Mama! Mwambie baba mkwe kinu bado hakijaanza kusaga."

Mama Ndimbumi alisimama katikati ya uwanja, bakuli la maharage mkononi. "Anasema," akaanza kwa upole, "anaendelea kuishughulikia."

"Nimesikia alichosema!"

"Ikiwa umesikia, mbona wangoja nikwambie?"

"Kwa sababu ndiyo desturi! Na wewe usipunguze maneno ya watu. Ulilopewa ndilo ulipeleke."

Mama akainamisha kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Habari mbaya haihitaji gari. Kabla ya saa sita Kajange alikuwa amefika, hakuitwa, mikono mfukoni.

"Shemeji, nasikia Profesa ana mafua."

"Ana mgeni asiyealikwa," alisema Sekela.

Kajange akacheka. Akafungua mlango, akakanyaga klachi, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa marehemu. "Diski umeigeuza. Uso umeuelekeza nyuma. Ishushe giaboksi yote, uanze upya."

"Diski ina maandishi ubavuni yanayosema upande upi uelekee injini. Niliyasoma. Wewe zako huwa unazisoma, au unazipapasa?"

Ambokile alikohoa kuficha kicheko. Kajange hakucheka tena. "Basi giaboksi yenyewe mbovu. Au gari limekataa kiungo cha kigeni. Hutokea."

"Chuma hakina ukoo, Kajange. Hakikatai mgeni. Kikikataa, kuna sababu, na sababu ina mahali inapokaa."

"Itafute basi. Mimi kesho saa nne niko hapa na kamba ya kuvutia."

Sekela hakuishusha giaboksi. Hilo ndilo lililowashangaza wote, hata mumewe, kwa sababu ushauri wa Kajange ndio ambao kila fundi angeutoa. Yeye alijua alichokifunga kwa mikono yake, na hakuwa tayari kukitilia shaka ili tu mtu mwenye sauti kubwa aridhike. Akaanza na kile kilichokuwa kizito. Aliifungua kebo ya klachi, ile kamba ya chuma iliyovikwa gamba, itokayo kwenye pedali hadi kwenye giaboksi, akaivuta. Haikuvutika. Akalipasua gamba kwa kisu. Ndani plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuganda juu ya chuma kama nta.

"Imezeeka," alisema Ambokile.

"Uzee hauyeyushi," alisema Sekela.

Kutoka kwenye ile pikapu mfu alikuwa amechukua pia kebo yake, kwa tahadhari. Akaifunga. Pedali ikawa laini. Betri kwa wakati huo ilikuwa imechoshwa na asubuhi ile, kwa hiyo wakaligeuza gari, Ambokile akalisukuma, likateremka mteremko wa nyuma ya nyumba, na Sekela akaachia klachi. Injini ikanguruma. Gia ya kwanza iliingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia kama kisu ndani ya parachichi lililoiva. Akazunguka shamba la migomba mara nne huku anapiga honi, na wanawake waliokuwa kisimani wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Alipofika uani akazima, ili aiwashe upya Mzee akisikia. Betri sasa ilikuwa na nguvu. Akageuza ufunguo. Starta ikaguna. Akageuza tena, kwa muda mrefu zaidi. Moshi mwembamba ukapenya chini ya boneti, wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyoachwa karibu na moto. Injini iliwaka. Pedali ilikuwa jiwe.

Kebo ya pili ilikuwa imekufa.

Jioni hiyo hukumu ilitolewa kutoka barazani. "Ndimbumi, mwambie kuunguza kebo mbili kwa siku moja si ufundi. Na wewe mwenyewe ujilaumu. Ndiwe uliyeniletea maneno ya karakana mpaka nikakubali."

Mama alipoingia jikoni na ujumbe huo, Sekela alimkata kabla hajamaliza. "Mama, na wewe kwa nini hukumwambia kwamba ilizunguka shamba mara nne? Ungemwambia hilo kwanza!"

Mama Ndimbumi alivuta mkungu wa ndizi karibu, akaendelea kumenya.

Sekela aliona haya, lakini haya haikumzuia kufikiri. Wakati ndizi zikichemka alimwambia mumewe, "Wewe ni mtu wa hesabu. Nifanyie hii. Gari lilipowashwa kwa mteremko, kebo ilikuwa hai. Lilipowashwa kwa ufunguo, kebo ilikufa. Kilichobadilika ni nini?"

"Ufunguo."

"Basi giaboksi haina hatia. Diski haina hatia. Mwuaji hukaa kwenye ufunguo."

"Lakini ufunguo na klachi havigusani."

"Ndiyo," alisema Sekela. "Hilo ndilo nisilolipenda."

Jumamosi, jua lilipopanda, alijiingiza tena uvunguni, safari hii bila spana, ili aone tu. Alijua, kama alivyofundishwa kule shambani, kwamba umeme wa starta ni mwingi kuliko wote ndani ya gari, na kwamba ni kama msafiri mwenye mizigo: ukitoka betri lazima urudi betri. Betri imefungwa kwenye bodi, yaani mwili wa gari. Injini na giaboksi vimelalia raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo kila gari lina waya mnene, uliosukwa kama utepe wa shaba, unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye bodi. Mafundi huuita waya wa ethi. Hiyo ndiyo njia ya kurudia nyumbani.

Akapapasa nyuma ya giaboksi. Waya ulikuwa unaning'inia. Ncha moja ilikuwa imefungwa kwenye bodi. Ncha ya pili ilikuwa hewani, imejaa tope.

Hapo akaona yote kwa mara moja. Msafiri mwenye mizigo aliponyimwa daraja lake, alitafuta njia nyingine, na chuma pekee kilichounganisha giaboksi na bodi kilikuwa ile kebo nyembamba ya klachi, iliyoumbwa kuvutwa tu, si kubeba mzigo ule. Ikabeba. Ikaungua. Na watu wote wakasimama juu ya maiti yake wakisema kebo ni mbovu.

Akakumbuka pia alikuwa na nini mkononi siku ya Alhamisi vikohozi viwili viliposikika. Alikuwa na waya huu. Alikuwa anauelekeza kwenye tundu lake.

Alitoka akachukua boliti na spana namba kumi na tatu, akarudi chini, akaushika waya, akaupangusa tope kwa kanga yake. Boliti ilikuwa imekwisha kushika mzunguko wa kwanza pale langoni mtu alipokohoa mara mbili.

Miguu yake ilitikisika yenyewe, kwa mazoea, kama ya askari anayesikia filimbi. Hakutoka.

Vikohozi vikarudiwa, kwa sauti zaidi.

"Ndimbumi," ilisema sauti ya Mzee, "uani kuna mtu?"

"Yupo," alisema Mama Ndimbumi kutoka jikoni.

"Hakunisikia?"

Kutoka uvunguni Sekela aliona viatu viwili vyeusi vinavyong'aa, na kando yake malapa ya Kajange na kamba ya kuvutia imeburuzwa chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, alisema neno ambalo halikupitia kwa mtu.

"Nimekusikia, baba mkwe. Alhamisi pia nilikusikia, nikakimbia, na kazi nikaiacha nusu. Leo sikimbii. Nitatoka boliti hii ikikaza."

Jikoni kitu kiliponyoka mikononi mwa mama kikaanguka.

"Mwalimu!" alisema Kajange. "Hii ni fedheha. Kwangu mkamwana wa namna hii..."

"Kajange, sikukuuliza."

Viatu vyeusi havikusogea mbele, wala havikurudi nyuma. Sekela alizungusha spana. Alizungusha mara saba, polepole, kwa sababu boliti inayofungwa kwa hofu hulegea. Ya saba ilikaza. Ndipo alipotoka, tope limemjaa nywele, akasimama. Hakuinua macho kumtazama Mzee usoni, kwa maana ukaidi si utovu wa adabu, na yeye alijua mpaka uliopo kati ya viwili hivyo.

"Kosa ni langu," alisema. "Fundi haachi waya ukining'inia, hata akisikia parapanda. Niliuacha, na kebo mbili zimeungua kwa ajili yake. Sasa nahitaji ya tatu. Kajange, unayo."

"Ninayo," alisema Kajange. "Kwa nini nikupe?"

"Kwa sababu una hakika itaungua."

Kajange alimtazama Mzee, akatazama watu waliokwisha kukusanyika langoni, na kiburi kikamshinda. "Nitakuletea. Na iungue mbele ya mashahidi."

Akaenda mbio stendi, akarudi nayo. Sekela aliifunga mbele ya wote. Kisha akafungua boneti, akaishika kebo kwa kiganja, ngozi juu ya chuma.

"Mmoja aingie ageuze ufunguo. Mimi nitaishika. Ikiungua, niungue nayo."

"Sekela, acha," alisema Ambokile, akiunyosha mkono kwenye mlango wa gari.

"Sogea," alisema Mzee Mwaipaja.

Akaingia mwenyewe. Aliketi wima kama aketivyo kanisani, akageuza ufunguo. Starta haikuguna. Ilizunguka kwa kishindo, na injini ikawaka kabla mtu hajapepesa. Akazima. Akawasha. Akazima. Akawasha mara ya tatu. Watu wote walimtazama Sekela. Alikuwa bado ameishika kebo, uso haujabadilika.

"Baridi," alisema. "Kama samaki wa mtoni."

Mzee akakanyaga klachi. Akaingiza gia. Hakuna kilio. Akatoka nalo langoni bila kumtazama mtu, na watu wakapisha. Sekela hakumfuata. Alibaki uani, macho chini, akisikiliza. Gari lilipinda kwenye mitopetope, likaanza kilima cha kanisa. Sauti ya injini ilipanda, ikashuka: gia ya pili. Ikapanda tena, ikajikaza pale penye mwinuko mkali ambapo Profesa alizoea kusimama kutafakari, ikashuka: gia ya tatu. Kisha ikafifia upande wa pili wa kilima, na kengele ya kanisa ikalia mara moja, ingawa haikuwa saa ya ibada.

Kajange alianza kuikunja kamba yake.

Mzee aliporudi alizima gari, akashuka, akaufunga mlango kwa uangalifu. Akamgeukia mkewe, kama alivyozoea.

"Ndimbumi. Muulize mkamwana. Kosa lilikuwa la waya. Kwa nini basi kilichoungua ni kebo?"

Mama Ndimbumi alifungua kinywa, lakini Sekela alijibu kabla yake, na alijibu kama fundi ajibuvyo, bila pambo.

"Waya ukisahauliwa, kebo ndiyo iunguayo. Mzigo wa umeme lazima upite mahali. Ukikosa njia yake, hupita kwa asiyehusika, naye ndiye huonekana mbovu."

Watu wakaitikia kwa kichwa, wakidhani maneno yamekwisha. Mama Ndimbumi hakuitikia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, pale pale aliposimama kila siku kwa miaka miwili, kati ya baraza na jiko. Alijifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Kumbe," alisema, "mimi ndimi kebo."

"Unasema nini?" aliuliza Mzee.

"Nasema nilivyosikia. Wewe una neno lako na Sekela. Sekela ana neno lake na wewe. Kila mmoja ana kinywa, kila mmoja ana masikio, na ukuta wenyewe ni wa matete. Lakini neno lenu lote lenye moto limepita kwangu. Ukikasirika naye, unanikaripia mimi. Akikasirika nawe, ananikata kauli mimi. Jana mmenilaumu nyote wawili kwa jambo moja, asubuhi na jioni. Mwalimu, miaka thelathini na minne nimekuheshimu, na nitakuheshimu hadi kaburini. Ila ujumbe sibebi tena. Kuanzia leo, mwenye neno na alipeleke."

Akageuka, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Mzee alisimama akitazama viatu vyake, ambavyo siku hiyo vilikuwa na tope na hakulipangusa. Sekela naye alikuwa ameinama, kwa sababu yale maneno yalimchoma pande zote mbili, na alijua kwamba sehemu ya moto ule ilikuwa yake. Kati yao kulikuwa na hatua sita, na katika hatua hizo sita hapakuwa na mtu.

Mzee akakohoa. Mara moja tu, kikohozi cha mtu anayetaka kusema.

"Mkamwana," alisema.

"Naam, baba mkwe."

"Banda linavuja upande wa mashariki. Mabati yako nyuma ya ghala. Uliezeke kabla hujaingiza spana zako."

"Nimesikia. Asante, baba."

"Na kazi usiiache nusu, nikija."

"Siiachi tena."

Hivyo ndivyo karakana ya Sekela ilivyofunguliwa, na magari kutoka Kyela hadi Mbeya yaliifahamu. Mzee aliendelea kukohoa alipoingia uani, kwa heshima, na Sekela aliendelea kuinamisha macho, kwa heshima. Lakini hakuna tena aliyekimbia, na neno lilikwenda moja kwa moja lilikotakiwa kwenda. Mama Ndimbumi alishika neno lake pia. Majirani waliozoea kumtuma, mke kwa mume, mzazi kwa mwana, kiongozi kwa raia, walimkuta ameketi anamenya ndizi zake. Aliwasikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akawaonyesha njia ya kwenda kwa mwenye neno, akasema:

"Nenda mwenyewe, mwanangu. Waya ukisahauliwa, kebo ndiyo iunguayo."